Wimbo Humfuata Karani: Mashujaa wa Vita katika Muziki wa Roki

Mpenzi wa muziki wa roki, hasa wa lile tawi zito liitwalo metali, ukimwomba akutajie wanamuziki anaowapenda kuliko wote, kisha ukamwomba mashujaa wa vita anaowahusudu, utagundua haraka kwamba orodha ya pili imezaliwa na ya kwanza. Atamtaja Steve Harris, mpiga besi wa Iron Maiden, na mara moja atawakumbuka wapanda farasi wa Kiingereza walioangamia Balaklava katika Vita ya Crimea. Atamtaja Joakim Brodén, mwimbaji wa Sabaton, na nyuma yake watafuata Audie Murphy wa Texas, Simo Häyhä wa Finland na Witold Pilecki wa Poland. Hakufundishwa habari zao shuleni. Waliingia masikioni mwake wakiwa wamebebwa na gitaa, na historia yenyewe akaitafuta baadaye, kama aliitafuta. Nasema hivi kwa sababu ndivyo walivyoniingia mimi. Namba 4859 niliikariri pamoja na wimbo wake kabla sijajua kwamba ilikuwa namba ya Pilecki alipokuwa mfungwa wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi.

Kwa muda mrefu nimejiuliza wanamuziki hawa wanawachaguaje mashujaa wao. Jibu la haraka ni kwamba wanamchagua aliyekuwa jasiri, lakini jibu hilo halitoshi, kwa kuwa ujasiri ulikuwa mwingi katika kila vita na sehemu kubwa yake ilizikwa pamoja na wenyewe. Anayefikia kuimbwa ni yule ambaye kitendo chake kiliandikwa na mtu mwenye mamlaka, kikapigwa muhuri, kikawekwa mahali ambapo mtunzi wa mashairi angeweza kukikuta miaka sabini au mia moja baadaye. Wimbo humfuata karani. Jambo hili linanigusa sana kama msikilizaji wa Afrika Mashariki, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na Sabaton wenyewe, kwa kuwa hakuna bendi nyingine iliyoifanya kazi hii kwa bidii kama wao. Walianza mwaka 1999 katika mji wa Falun, Sweden, na jina lao ni la kiatu cha chuma kilichokuwa sehemu ya deraya za mashujaa wa Ulaya ya zamani. Tangu albamu yao ya mwaka 2005 iliyofungua kwa wimbo wa kutua kwa majeshi Normandy, karibu kila kitu walichotunga kimehusu vita. Mwaka 2014 walitoa albamu waliyoiita kwa neno moja tu, mashujaa, ambamo karibu kila wimbo unamhusu mtu au kikosi fulani kilichopata kuwako kweli.

Mmoja wa watu hao ni Audie Murphy. Tarehe 26 Januari 1945, karibu na kijiji cha Holtzwihr mashariki mwa Ufaransa, luteni huyu mwenye umri wa miaka 19 aliwaamuru askari wake warudi nyuma msituni, naye akabaki peke yake mbele ya vifaru na askari wa miguu wa Kijerumani. Alipanda juu ya gari la kivita lililokuwa limepigwa na kuwaka moto, akaishika bunduki yake kubwa ya rashasha, na kwa muda wa karibu saa nzima akapiga huku akizungumza kwa simu na wapiga mizinga wa upande wake, akiwaelekeza mahali pa kudondosha makombora. Jeraha alilokuwa nalo mguuni halikumwondoa pale. Kitendo kile kilimpatia nishani ya juu kabisa ya jeshi la Marekani, na kila nishani ya namna hiyo huandamana na maelezo rasmi ya alichokifanya mhusika, wapi na siku gani. Ukiyasoma maelezo hayo utaona kwamba tayari ni nusu ya wimbo: mtu mmoja, mahali pamoja, saa moja, moto chini ya miguu yake.

Sifa ya Sabaton ni kwamba hawakuishia hapo. Katika kiitikio cha wimbo wao kuhusu Murphy hawakutumia maelezo ya nishani. Walichukua maneno ya Murphy mwenyewe, aliyekuwa pia mtunzi wa mashairi, kuhusu misalaba inayoota Anzio, nchini Italia, ambako alipigana mwaka mmoja kabla ya Holtzwihr. Katika beti wakaeleza kwamba alirudi nyumbani lakini vita haikumwacha. Ni kweli. Murphy alilala na bastola yenye risasi chini ya mto, akatopea katika dawa za usingizi mpaka akajifungia chumbani ili aziache kwa nguvu, na alikuwa miongoni mwa askari wenye majina makubwa waliosema hadharani kwamba waliorudi kutoka Korea na Vietnam walihitaji kutibiwa akili. Wimbo una mwendo wa furaha, watu huuruka kwa pamoja uwanjani, na ndani yake kuna mtu asiyeweza kulala. Mara ya kwanza nilipoyasikiliza maneno badala ya mdundo, ilinibidi niuzime nikae kimya kidogo.

Anzio inastahili tukae hapo kidogo, kwa sababu katika roki ina wimbo mwingine. Majeshi ya Marekani na Uingereza yalitua pale tarehe 22 Januari 1944. Murphy hakuwa katika boti za kwanza kwa kuwa alikuwa amelazwa kwa malaria, akajiunga na wenzake siku chache baadaye. Mwezi uliofuata, tarehe 18 Februari, aliuawa katika eneo hilohilo luteni wa Kiingereza aitwaye Eric Fletcher Waters. Huyu mwanzoni mwa vita alikuwa amekataa kubeba silaha kwa sababu za dhamira, akaendesha gari la wagonjwa wakati London ikipigwa mabomu, kisha akabadili msimamo na kuingia jeshini. Mwili wake haukupatikana. Aliacha mtoto wa miezi mitano, Roger, ambaye baadaye alikuwa mpiga besi na mtunzi mkuu wa Pink Floyd.

Roger Waters alimwimba baba yake kwa namna tofauti kabisa na Sabaton walivyomwimba Murphy. Katika wimbo alioutoa mwaka 1982 kuhusu asubuhi ile ya Anzio, shujaa hafanyi chochote. Anakufa pamoja na wenzake kwa sababu makamanda waliamua mahali pale pashikiliwe kwa gharama yoyote. Kisha mtoto, akiwa amekua kidogo, anafungua droo ya picha za zamani na kuikuta barua ya rambirambi ya mfalme, imepambwa kwa rangi ya dhahabu, na chini yake sahihi iliyopigwa kwa muhuri wa mpira. Huo ndio wimbo mzima kwangu: mkono wa mfalme haukuigusa karatasi ile. Karani yupo hapa pia, na mwanamuziki amemwona.

Ninazipenda nyimbo hizi mbili, na sidhani kwamba mpenzi wa roki anapaswa kuchagua mojawapo. Ila naona zinafanya kazi zisizofanana. Wa kwanza unachukua karatasi ya serikali na kuitia damu. Wa pili unaishika karatasi ya serikali na kuuliza kwa nini haina damu. Waters ameurudia msiba huo tangu albamu ya The Wall ya mwaka 1979 hadi ile ya The Final Cut ya mwaka 1983, na wako wanaomlaumu kwa kurudia. Mimi simlaumu. Mtoto aliyenyimwa hata kaburi la baba yake ana haki ya kuliimba jambo hilo mpaka amalize.

Tatizo linakuja pale karatasi inapokuwa na tarakimu peke yake. Simo Häyhä alikuwa mkulima na mwindaji wa Finland, mtu mfupi, ambaye katika Vita ya Majira ya Baridi dhidi ya Umoja wa Kisovieti anahesabiwa kuwaua askari zaidi ya 500 katika muda usiofika siku mia moja, hadi tarehe 6 Machi 1940 alipopigwa risasi iliyombomoa taya. Nchi yake ilikuwa imevamiwa, naye aliitetea. Hilo halina ubishi. Lakini ukiwasikiliza mashabiki wakimzungumzia, utasikia zaidi ya kila kitu ile idadi, kana kwamba ni mabao ya mshambuliaji. Häyhä mwenyewe aliishi hadi mwaka 2002, akafariki akiwa na miaka 96, na katika maisha yake yote alijulikana kwa unyamavu kuhusu jambo hilo. Unyamavu wake unanifundisha mengi kuliko tarakimu, na kwa bahati mbaya unyamavu haupigiki kwa gitaa la umeme.

Kwa hiyo, kama ningeulizwa ni nani katika mashujaa wa metali ninayemhusudu kwa moyo wote, ningetaja wawili ambao sifa yao haikutokana na kuua. Wa kwanza ni Witold Pilecki, ofisa wa Poland aliyejiacha akamatwe kwa makusudi katika msako wa Warsaw tarehe 19 Septemba 1940 ili apelekwe Auschwitz, aone kinachotendeka humo na kuunda kundi la siri la wafungwa. Alikaa humo miaka miwili na nusu, akatorosha taarifa, akatoroka mwenyewe usiku wa kuamkia tarehe 27 Aprili 1943, na mwaka 1948 akauawa na serikali ya kikomunisti ya nchi yake mwenyewe kwa risasi ya kisogoni. Wa pili ni Franz Stigler, rubani wa Kijerumani ambaye tarehe 20 Desemba 1943 aliikuta ndege ya Marekani imetobolewa vibaya, majeruhi wakionekana kupitia matundu ya bodi, akaacha kufyatua, akaruka sambamba nayo mpaka ilipovuka pwani ya Ujerumani. Rubani wa ndege ile, Charlie Brown, alikutana naye mwaka 1990, wakawa marafiki mpaka wote wawili walipofariki mwaka 2008. Sabaton wamewaimba wote, na kwa hilo nawashukuru.

Angalia lakini ni lini walipoweza kuimbwa. Pilecki alifutwa katika vitabu vya Poland mpaka ukomunisti ulipoanguka mwaka 1989. Kaburi lake halijulikani. Stigler, kama angesema mwaka 1943 alichokifanya, angepelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Vitendo vyao vilikuwa tayari vimetendeka, vilikuwa na ukubwa uleule, lakini hapakuwa na wimbo kwa kuwa kabati lilikuwa limefungwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa kikosi cha 369 cha Marekani, kikosi cha Wamarekani weusi wa Harlem, mtaa wa New York, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Jeshi lao halikutaka wapigane bega kwa bega na weupe, likawakabidhi kwa Wafaransa, nao wakakaa mstari wa mbele siku 191. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Mei 1918 askari wao Henry Johnson, akiwa zamu pamoja na mwenzake aliyejeruhiwa, alipambana na kundi la Wajerumani kwa bunduki, kisha kwa kitako cha bunduki, kisha kwa kisu, akapata majeraha 21 na asimwachie adui amchukue mwenzake. Wafaransa walimpa nishani palepale. Nchi yake haikumpa nishani yoyote alipokuwa hai; alifariki mwaka 1929 akiwa fukara, na nishani ya juu kabisa, ileile ya Murphy, ilitolewa mwaka 2015, miaka 97 baada ya usiku ule. Wimbo wa Sabaton kuhusu kikosi hicho ulitoka mwaka 2022. Nani anaweza kuutazama mfuatano huo wa miaka akasema kwamba wimbo ulikuwa unasubiri ushujaa?

Kikosi hicho kina kitu kingine cha kumgusa mpenzi wa muziki. Bendi yake iliongozwa na Luteni James Reese Europe, mwanamuziki mashuhuri wa New York, ambaye aliingia pia mahandakini kama ofisa wa bunduki za rashasha na ambaye bendi yake iliwapa Wafaransa wengi ladha yao ya kwanza ya jazi. Ndani ya mtu mmoja orodha zote mbili za mpenzi wetu zinakutana, na zinakutana kwa mtu mweusi ambaye muziki wa watu wake ndio uliokuja kuizaa roki.

Sasa nije kwetu. Sabaton wametoa albamu mbili nzima kuhusu Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 2019 na ya mwaka 2022. Wameimba Verdun, wameimba jangwa la Uarabuni, wameimba Milima ya Alps iliyojaa theluji, wamemwimba Milunka Savić wa Serbia na mdunguaji wa kabila la Ojibwa wa Kanada. Vita iliyopiganwa kuanzia Tanga na Taveta mpaka Msumbiji, ambayo ilimalizika Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kuweka silaha chini, haina wimbo hata mmoja katika albamu hizo mbili.

Pembe yetu ya Afrika inapita mara moja tu, na inapita kwa mlango wa nyuma. Katika albamu ya mwaka 2022 yumo Adrian Carton de Wiart, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyepigwa risasi mara nyingi katika vita baada ya vita bila kufa, aliyepoteza jicho na mkono. Jicho lile alilipoteza Somalia mwaka 1914, akishambulia ngome ya wafuasi wa Sayyid Mohammed Abdullah Hassan. Msikilizaji wa Ulaya analisikia jicho hilo kama alama ya ukakamavu, na ukakamavu alikuwa nao. Msikilizaji wa Kisomali ana haki ya kuuliza ofisa yule alikuwa anatafuta nini pale. Sayyid alikuwa mpiganaji na mshairi mkubwa kwa pamoja, mtu ambaye mashairi yake Wasomali wanayakariri mpaka leo, na kwa kipimo chochote cha metali angetosha albamu nzima. Lakini aliyeandika taarifa ya vita ile kwa Kiingereza alikuwa wa upande wa pili.

Kuhusu wapagazi hali ni mbaya zaidi. Jeshi la Uingereza katika Afrika Mashariki lilitembea juu ya vichwa vya watu, wengi wao wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu kutoka vijijini, kila mmoja na mzigo wa takriban kilo 25, na waliokufa kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa ni makumi ya maelfu, wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Upande wa Wajerumani nao uliwatumia wapagazi vivyo hivyo. Wametuachia jina moja, Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, Carrier Corps, na makondakta wa Dar es Salaam wanaliita kutwa bila kujua wanamwita nani. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi, ikikiri kwamba askari na watumishi wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Orodha za majina hazikutunzwa, na pale zilipokuwapo ilionekana si lazima kuyachonga.

Katikati ya Dar es Salaam pamesimama sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927, bunduki na singe vimeelekezwa bandarini. Mahali hapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya kamanda wao Wissmann, yule aliyemnyonga Bushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, huko Pangani mwaka 1889. Maneno ya kumbukumbu yaliyotumika katika sanamu za askari za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi wa Kiingereza, ambaye mwanawe wa pekee wa kiume aliuawa Loos, Ufaransa, mwaka 1915 na mwili usipatikane wakati wa uhai wa baba yake. Kipling alijua uchungu wa jina lisilo na kaburi. Akaandika kuwahusu wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na akaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Nimeizunguka sanamu ile nikisoma. Ahadi imeandikwa kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili cha herufi za Kilatini na cha herufi za Kiarabu. Jina la askari hata mmoja halimo.

Mtu anaweza kusema kwamba basi hakuna la kuimba, kwa kuwa mtunzi hana mtu wa kumshika. Roki yenyewe ilishajibu hoja hiyo mwaka 1991, na aliyeijibu ni Lemmy wa Motörhead, mwanamuziki ambaye hakuna aliyemtarajia. Bendi iliyosifika kwa kelele kuliko nyingine zote iliweka gitaa chini, na Lemmy, kwa sauti ya chini isiyotetemeka, akaimba habari za mvulana wa miaka 16 aliyedanganya umri wake ili aende vitani mwaka 1916, mwaka ambao siku moja tu ya mapigano ya Somme, Ufaransa, tarehe 1 Julai, iliwaua Waingereza 19,240. Mvulana huyo hana jina. Hana nishani, hana tarakimu ya maadui, na hakufanya lolote la kuandikwa na karani. Analia akimwita mama yake, na rafiki aliyemkumbatia anakufa. Wimbo huo mwaka 2023 ulirekodiwa upya na Sabaton, wakauimba kwa heshima kubwa. Kwa hiyo njia wanaijua, na mzigo wa kilo 25 unaweza kupimwa na mtunzi yeyote mwenye kichwa na shingo.